Maana ya "Kindugu" Nilivyoikuta Kibirizi

Safari hii ilianza kwa neno moja. Naandika kamusi ya shule, na kwenye "kindugu" nilikwama. Kila mara redioni tunaambiwa Tanzania na Burundi zina uhusiano wa kindugu. Nikaona heri nikawaulize wanaoishi na uhusiano huo. Mke wangu alisema nina kichaa cha maneno. Hakukosea.

Kigoma nilifika asubuhi, mgongo ukinilaumu kwa kupanda treni. Mwenyeji wangu katika mtaa wa Buzebazeba alikuwa Mama Nestori, rafiki wa mke wangu, mzaliwa wa Burundi aliyeolewa hapa. Baada ya ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka, nikamsomea nilichoandika: "Kindugu: -enye kupatana bila ugomvi, kama ndugu."

Alicheka hadi akashika mbavu. "Mwalimu, weye huna ndugu?"

Kisha akanisimulia yake. Dada yake mkubwa, Konsolata, anayeishi Rumonge huko Burundi, alikuwa mjini kununua bidhaa, na jioni hiyo alikuwa anarudi kwao kwa boti. Hakuwa amekanyaga hapo nyumbani. Mama yao alipofariki, mpaka ulikuwa umefungwa na Mama Nestori hakufika mazishini. Tangu siku hiyo dada hapokei simu zake.

"Akiondoka hivi hivi, basi tena," alisema, machozi yakimlengalenga. Roho iliniuma. Nikamwambia twende.

Jioni, mwaloni Kibirizi, zinakotia nanga boti za ziwani, boti ilikuwa inapakiwa. Konsolata alipotuona akageuza uso.

"Mama alikuita hadi pumzi ya mwisho!"

"Nilifika mpakani nikarudishwa, dada! Ulitaka niruke?"

Wapagazi waliacha mizigo kusikiliza. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Walifokeana hadi nahodha akaita abiria, na hapo Konsolata akavua kitenge chake, akamfunika mdogo wake mabegani, bado anafoka.

"Mwene mama," akamwita, yaani mtoto wa mama yangu, "mbona umekonda? Huli?"

Wakakumbatiana, wakalia. Nami nililia, sioni aibu kusema.

Kwenye treni ya kurudi nilifuta "bila ugomvi". Niliandika: "-a watu au nchi zisizoweza kuachana hata zikikosana." Nchi rafiki zikichokana huagana kwa heshima, za kindugu hazina ruhusa hiyo.

Karibu na Kaliua simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Nestori, sauti imejaa furaha.

"Mwalimu, dada kapiga kutoka Rumonge! Tumegombana hadi salio limemwishia."