Gari la Mama Pindo Haliendi kwa Fundi Likiwa Chafu

Nianze na nguo chafu, maana huko ndiko balaa lilikojificha wakati sisi tukilitafuta kwenye injini.

Wifi yangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na mtaa mzima unamwita Mama Pindo, kwa sababu nguo yoyote ikiingia mlangoni, hata kama umeivaa, kwanza anageuza pindo aone limeshonwaje. Mimi alinifanyia hivyo siku ya harusi yangu, mbele ya wakwe. Ana sheria moja ambayo hata mama mzazi wake haivunji: nguo ya kurekebishwa iletwe imefuliwa. Mteja akileta suruali yenye tope magotini, anaishika kwa vidole viwili, anamrudishia, anamwambia, "Kaifue kwanza. Fundi naye ni mtu." Watu wamemnunia, wamesema anaringa, lakini wanarudi na nguo zinazonukia sabuni.

Mume wake ni kaka yangu. Alikuwa kinyozi, na kinyozi akianza kunyamaza ujue anaumwa. Figo zake zilipogoma, daktari alisema damu yake itasafishwa kwa mashine kila baada ya siku mbili tatu, bila kukosa. Lile "bila kukosa" alilisema akimtazama wifi, si mgonjwa. Hospitali yenyewe iko upande wa pili wa mji. Tukaanza na magari ya kukodi, na magari ya kukodi yakatufanyia vituko: huyu anasema yuko kwenye kona anakuja, kumbe bado anapiga mswaki, yule anamwona kaka anavyotembea kwa kushikiliwa, anakumbuka ghafla kuwa ana abiria mwingine.

Ndipo Mama Pindo akaamua kununua gari, tena jipya la dukani, lenye nailoni kwenye viti. Tulimwambia atafute lililotumika kidogo, akakataa katakata. "Sitaki gari lenye siri za mtu mwingine," alisema. Alikuwa ameshonea watoto wa watu kwa miaka, mgongo umepinda, macho yanataka miwani, na gari lile lilikuwa jasho lake lote limepewa magurudumu. Siku ya kwanza kaka alikaa mbele, akateremsha kioo kidogo cha juu, akajitazama, akasema, "Huyu mzee aliyekaa humu nani amemnyoa? Ashtakiwe." Tulicheka mpaka hospitali. Mimi nilikaa nyuma na blanketi lake na chupa ya chai, nikajisemea kwamba sasa tumepumua.

Hatukupumua sana. Siku moja tunarudi, jua kali, tumekaa kwenye foleni ndefu, taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja na injini ikazima. Usukani ukawa mgumu kama umemwagiwa zege. Milango ikajifunga yenyewe, na vioo vikagoma kushuka. Wifi anabonyeza hiki, anavuta kile, nyuma honi zinatutukana, na kaka ametoka kwenye mashine muda si mrefu, hana nguvu hata ya kufungua kifungo cha shati. Niliona jasho linamtoka hadi kwenye nyusi. Nilipiga kioo kwa chupa ya chai, chupa ikapasuka, kioo kikabaki kinanitazama. Halafu, baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka, milango ikafunguka yenyewe. Wifi akawasha gari, likawaka mara moja, kwa adabu zote, utadhani si lenyewe.

Jioni ile ile aliliosha. Alifuta mpaka katikati ya vitufe kwa kitambaa chenye unyevu, akaliacha lipumzike barazani, na asubuhi na mapema akalipeleka kwenye karakana ya waliomuuzia. Nilikwenda naye. Sakafu inang'aa, maua ya plastiki, runinga kubwa inaonyesha gari kama letu likipanda mlima bila jasho. Mkuu wa pale alikuwa bwana mmoja mwenye shati jeupe lisilo hata mkunjo, na tangu siku hiyo sisi tunamwita Bwana Shati. Walilichomeka gari kwenye kompyuta yao, wakalizungusha uani, wakalirudisha.

"Mama, hakuna kosa," alisema Bwana Shati. "Kompyuta haioni kitu."

"Kwani kompyuta ndiyo inayopanda?" wifi aliuliza.

"Labda ni namna unavyokanyaga. Wenzako wote wanafurahia. Hakuna mwingine aliyelalamika, ni wewe tu."

Ni wewe tu! Niliona masikio ya wifi yanabadilika rangi. Mimi sina subira, nilishafungua mdomo, akanikanyaga mguu.

Tukarudi. Likazima tena, naye akaliosha, akalipeleka, akaambiwa hakuna kosa. Likazima tena. Kila safari alilipeleka linang'aa, limepoa, asubuhi kabla jua halijapanda, na kila safari Bwana Shati alitupiga kalenda: njoo wiki ijayo, mtaalamu amesafiri, tumeomba maelekezo kutoka kiwandani. Wifi akaanza kujitilia shaka. Nilimkuta kwenye cherehani anakanyaga pedali polepole, anautazama mguu wake. "Wifi, hivi kweli nakanyaga vibaya?" aliniuliza. Mtu aliyekanyaga pedali maisha yake yote! Niliumia kuliko siku zote, na nilimchukia yule bwana kwa moyo wangu wote.

Kisha ikaja siku ya njia panda. Lilizima katikati kabisa, lori la mchanga linateremka upande wa kaka, breki zetu ngumu, usukani mgumu, milango ndiyo hiyo imejifunga. Dereva wa lori aliserereka, akasimama karibu kiasi kwamba niliona mdudu aliyekufa kwenye taa yake. Tulipofika nyumbani kaka alikaa kitandani bila kuvua viatu.

"Mama watoto," alisema, "mimi basi."

"Basi nini?"

"Hospitali. Nimechoka kuwahangaisha. Mtanipoteza humo njiani na nyinyi mpotee pia. Niacheni hapa hapa kwangu."

Wifi alimvua viatu, akavipanga chini ya kitanda, akatoka nje. Nilimfuata nikamkuta amesimama mbele ya gari lake anauma ukingo wa kanga. Sote tulijua mtu wa namna ile akiacha mashine anaishi kwa siku za kuhesabu. Safari iliyofuata kaka alikwenda kwa sababu wifi alimkokota karibu kumbeba, na hakusema neno kwenda wala kurudi. Ile iliyofuata ilibidi mimi nilie ndipo akainuka.

Basi tulipofika tena karakana nilikuwa nimevimba kwa hasira. Kwenye benchi la kusubiri alikaa mama mmoja mtu mzima, mwalimu wa hesabu, ameshika ufunguo kama wetu.

"Na lako linazima?" nilimuuliza, bila hata salamu.

Alinitazama kwa juu ya miwani. "Linazima, linanifungia. Ila nimeambiwa ni mimi tu."

"Wewe tu?" akadakia bwana aliyekaa pembeni yake. "Mimi ndiye niliyeambiwa ni mimi tu. Langu lilinigomea breki kwenye mteremko, na watoto wamo ndani."

Benchi zima lilikuwa la watu wa "wewe tu." Mwalimu akacheka kicheko kikavu, akasema hajawahi kuona moja inayojumlishwa namna ile ikabaki moja. Tulipobadilishana namba za simu, na hao wakatuletea wengine wanaowafahamu, tukagundua tuko wengi kupita kiasi. Tulimwendea Bwana Shati kwa pamoja. Alitabasamu, akasema kila gari lina mazingira yake, watu wasitiane hofu, na kwamba kama kosa lipo, tulionyeshe. "Nionyesheni," alisema, mikono wazi. "Sisi hapa hatujawahi kuliona."

Hilo ndilo lililotukaba. Na kweli walikuwa hawajaliona. Gari letu likifika mbele yao linakuwa mtoto mbele ya mgeni, linakaa vizuri na mikono mapajani.

Jioni kabla ya miadi iliyofuata, wifi alikuwa uani na ndoo na sabuni, anasugua magurudumu. Kaka tulikuwa tumemtoa nje apate hewa, amekaa kwenye kiti na blanketi magotini, kimya chake kile kile. Alimtazama mke wake, akasema, "Unaliosha la nini?"

"Kesho linakwenda kwa fundi," wifi alisema bila kugeuka. "Nilipeleke na tope?"

"Mimi nikishikwa na homa, unanipoza kwanza, unaniogesha, unasubiri ishuke, ndiyo unanipeleka kwa daktari?"

Mkono wa wifi ulisimama kwenye gurudumu. Maji ya sabuni yalimchuruzika hadi kwenye kiwiko, na hakuyafuta.

"Lini limezima asubuhi?" kaka aliendelea. "Lini limezima halijatoka mbali? Linazima likichemka, tumerundikana ndani, jua limelipiga. Wewe unawapelekea likiwa limelala vizuri na kuoga. Wataona nini? Mama Pindo, hao umewapelekea suruali iliyofuliwa na kupigwa pasi, halafu unataka waone ilipochafuka."

Nikasema potelea mbali, nikacheka, kwa hasira na kwa furaha pamoja. Wifi aliimwaga ndoo pale pale. Nilitaka kumwambia kwamba yule bwana ndiye alipaswa kuuliza hayo, si mgonjwa kwenye kiti, lakini kaka alikuwa bado anaongea, na nani angemkatiza? "Tusiende kesho asubuhi," alisema. "Keshokutwa tukitoka hospitali tunapitia huko moja kwa moja. Na mimi nimo ndani. Kiti cha mbele ni changu."

Tulimkatalia. Akasema basi hata hospitali haendi. Ndipo tukakubali.

Siku hiyo gari lilikuwa aibu tupu. Vumbi mpaka kwenye vioo, nyuzi za sare kwenye viti, maganda ya ndizi niliyoyasahau mimi. Tulitoka hospitali jua la mchana likiunguza, tukapita kwenye foleni makusudi, na kila taa nyekundu nilimwomba Mungu lisizime bado. Kumbe mtu unaweza kufika mahali pa kuliombea gari lizime mbele ya watu. Pale karakana wifi hakushuka. Alipiga honi, Bwana Shati akatoka amekunja uso.

"Ingia," wifi alimwambia. "Ulisema tukuonyeshe."

"Mama, gari chafu hivi, na mimi nina wateja..."

Mwalimu wa hesabu, ambaye tulikuwa tumemwita, alikuwa amesimama mlangoni na nusu ya benchi nyuma yake. Bwana Shati aliwatazama, akafuta kiti kwa leso, akaingia nyuma, akakaa karibu yangu. Wifi alichukua barabara ya nyuma ya karakana, ile isiyo na magari mengi, akaizunguka polepole. Mzunguko wa kwanza, kimya. Wa pili, Bwana Shati akaanza kutabasamu. Kabla wa tatu haujaisha, taa zote zikawaka. Ta! Milango ikajifunga. Wifi aliuvuta usukani kwa mikono yote miwili, gari likajikokota hadi pembeni na kufa.

Bwana Shati alijaribu mlango wake. Akajaribu kioo. Akagonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi, na lile shati lilianza kushika mgongo kwa jasho.

"Tulia, bwana," kaka alimwambia kutoka mbele, sauti chini, ile ya zamani ya kumshika mteja kidevu. "Linafunguka lenyewe likitaka. Hata mimi mara ya kwanza niliogopa."

Bwana Shati alitoa simu, akawapigia watu wa kiwandani. Alikuwa hana pa kwenda kuongelea, maskini, sisi watatu tunapumua hewa yake. "Nimefungiwa ndani," alisema kwa haraka. "Ndiyo. Ni ile ile. Ile ya joto, kama mlivyotuandikia. Hapana, mteja yumo. Mteja yumo humu humu."

Nilimtazama wifi kwenye kioo cha katikati.

"Ile ile ipi, baba?" aliuliza.

Bwana Shati alishusha simu. Akaanza kuyatazama maganda ya ndizi miguuni pake.

"Nimeutazama mguu wangu," wifi alisema. "Nimekaa kwenye cherehani yangu nimeutazama mguu wangu, nikidhani ndio wenye kosa. Huyu mume wangu ameniambia nimwache afe. Na wewe ulikuwa unaijua ile ya joto?"

Milango ilipofunguka yenyewe, yule bwana alishuka wa kwanza. Wifi alizunguka, akamfungulia kaka, akamshika kwapani akamsimamisha, kisha akamtilia Bwana Shati ufunguo mkononi. "Baki nalo," alimwambia. "Na usilioshe."

Gari likabaki pale na vumbi lake. Wifi alikaa kwenye ukingo wa barabara, akajifunika uso kwa kanga, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze nilimsikia akilia. Niliketi upande mmoja. Kaka alijishusha taratibu upande wa pili, akahema, akaokota uzi wa sare uliokuwa umemganda mkewe begani, akauviringisha kwenye kidole.

"Mama Pindo," alisema. "Sasa ile siku nyingine ya mashine tunaendaje?"