Siku Niliyocheza Ngoma Katikati ya Watu wa Mawe

Tulikuwa watano siku hiyo na nitawataja wote, maana majina ndiyo kitu ambacho uzee haujaninyang'anya. Mimi Nasimiyu, nyanya kutoka Kiminini, niliyeishia darasa la tatu. Nekesa, kitinda mimba wangu, muuguzi wa Lodwar, na tumbo wakati huo lilikuwa limemtangulia. Ekai mume wake, Mturkana wa Kakuma. Akiru, mama yake Ekai, mkwe mwenzangu, mwembamba kama kijiti cha mswaki. Na Ewoi, binamu ya Ekai, mwenye gari (Ewoi hakuona lolote, na ndiye anayeisimulia hadithi hii sana kuliko sisi tuliokuwepo). Aibu yenyewe ni yangu peke yangu, msimgawie mtu.

Kwanza mjue kwamba kwetu Wabukusu mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani hata mkono. Tunaamkuana kwa mbali, hatukai kiti kimoja. Wazee walituambia heshima hiyo ikivunjwa ovyo watoto ndio huumia, na binti yangu alikuwa na mtoto tumboni, kwa hiyo ndani ya gari nilijibana nyuma kabisa, Ekai mbele, na katikati Nekesa, Akiru na kikapu cha ndizi nilizotoka nazo nyumbani (joto lilikuwa limeziivisha mpaka zinanuka kama pombe, na hakuna aliyeniambia).

Akiru alikuwa amekuja kutoka Kakuma kunisalimia nyumbani kwa Nekesa, Lodwar, kabla hatujaanza safari ya kwenda kuona mawe, akaniletea zawadi ya akala, vile viatu vinavyokatwa kwa tairi la gari.

"Ejok, mama Nekesa!" akaniamkua kwa Kiturkana. "Vaa hii. Huku mchanga iko kali."

Nikamshukuru sana, kisha nikazisukuma chini ya kitanda. Mimi mwenyekiti wa akina mama kanisani nivae tairi? Nikavaa viatu vyangu vyeusi vya Jumapili, vyenye kisigino kidogo, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, kwa sababu kabla hatujafika mbali kwenye barabara ya Kalokol miguu ilikuwa imevimba kama unga wa mandazi uliosahauliwa juani.

Tukasimama Namoratunga, mahali pa yale mawe yaliyosimama kando ya barabara, watu wa mawe. Nikavua viatu ndani ya gari.

"Mama, vaa viatu," Nekesa akasema.

"Musa alivua," nikamjibu. "Hapa pameheshimika tangu zamani." (Uongo mtupu, nilikuwa nasikia maumivu, lakini maneno yalitoka vizuri mpaka nikayaamini mwenyewe.)

Ewoi akaondoka kwenda Kalokol kununua samaki, na viatu vyangu vikaenda naye.

Asubuhi ardhi ilikuwa bado ya kuvumilika. Tukakaa chini ya mgunga, Akiru akatuhadithia vile mawe hayo yalikuwa watu, walikuwa wakicheza ngoma, wakaonywa wasicheke, wakacheka, wakageuka mawe hapo hapo. Hadithi ilikuwa tamu nami niliuliza maswali mengi, na huku jua likapanda bila kuniaga. Kisha akaniambia desturi ya mgeni ni kuokota kokoto na kuiweka juu ya jiwe moja. Nikaokota yangu. Sikutaka kungojangoja, nikatoka kivulini mbio mbio, nikafika katikati ya mawe, na hapo nyayo zikashika moto.

Jamani! Nikainua mguu huu, nikashusha ule, nikainua wote wawili kama hilo linawezekana, mikono juu, kitambaa cha kichwa kikaruka na upepo, nami nalia "Uwii! Uwii!" Na wakati huo huo basi dogo la kwaya kutoka Lodwar likawa limesimama, akina mama wanashuka na simu zao.

"Huyo shosho anacheza," mmoja akasema. "Ama ni maombi?"

"Msicheke!" Akiru akawapigia kelele. "Hapa hakuna kucheka!"

Sasa wazieni watu wazima wote hao wamejiziba midomo, mabega yanatetemeka, na mimi katikati nachezea mawe. Nikashika jiwe moja nisianguke, likaniunguza, na kokoto kadhaa ambazo watu walikuwa wameweka juu yake zikamwagika. Akiru akanirushia akala zake mwenyewe, akabaki pekupeku kivulini. Kidole gumba peke yake ndicho kilichoingia.

Ndipo nikamwona Ekai anatoka mgungani anakuja.

"Usinikaribie!" nikamwambia. "Ekai, rudi! Wewe ni mkwe wangu!"

Maskini akasimama pale pale, hajui aende mbele au nyuma, machozi yanamlengalenga. Nekesa na tumbo lile hangeweza kuniinua. Na mimi nasikia ngozi inapikika, lakini nawaza mtoto tu.

Akiru hakubishana na mtu. Alikuja pekupeku juu ya mchanga ule, akavuta shuka la Ekai mabegani mwake, akanizungushia lote, kichwa mpaka vidole, kama mtu anafunga mzigo wa kuni.

"Sasa beba," akamwambia mwanawe. "Hujashika mama mkwe. Umeshika shuka yako."

Nikabebwa mgongoni mwa mume wa binti yangu, mimi na kilo zangu zote. Nilipowekwa kivulini, nikiwa bado ndani ya shuka, kicheko kikanitoka mimi wa kwanza, na hapo kwaya nzima ikalipuka. Hakuna aliyegeuka jiwe.

Akiru alinimwagia maji ya kunywa miguuni, yote, wala hakujibakizia. Nikamuuliza amejuaje mambo ya kwetu.

"Niliona kwa gari unakaa mbali na yeye," akasema. "Nikajua si chuki, ni heshima."

Jumapili tulikwenda Kakuma kanisani kwao, na video ilikuwa imetutangulia. Nyabol, mama wa kambi ya wakimbizi, kutoka Sudan Kusini, anayeuza chai karibu na Akiru sokoni, aliniita toka mbali, "Mama ngoma! Karibu, leo unacheza wapi?" akaninywesha chai, akakataa kulipwa.

Nikampigia simu kaka yangu Wekesa, nikiwa na hofu kwamba mwiko umevunjwa. Akauliza, "Kulikuwa na nguo katikati?"

"Ilikuwepo."

"Basi huyo Akiru mshukuru mpaka ufe."

Lakini sikulala vizuri mpaka Nekesa alipojifungua msichana mzima, mwenye mapafu ya nguvu. Akiru alimwita Namoru, jina la Kiturkana lenye mawe ndani yake. Ekai alinisalimia kwa mbali, kama kawaida, na sasa tunasalimiana kwa mbali huku tukicheka.

Akala ninazo. Navaa mpaka kanisani Kiminini, wanaosema waseme, na sitavua tena kiatu nchi ya watu eti kwa ajili ya Musa.

Kama kuna jina nimelikosea, au kama kokoto zile niliangusha nyingi kuliko nilivyosema, aliyekuwepo anisahihishe. Isipokuwa Ewoi. Yeye alikuwa Kalokol.