Ukurasa wa Mama

Kaka yangu walimwita Wembe, na jina lilimkaa. Gazetini alihakiki hadithi za kisayansi, zile za vyombo vya angani na mashine zenye akili, na mwandishi aliyelipua kazi alinyolewa bila maji. Mwishowe akasema basi, nzuri atazichapisha mwenyewe. Sebule ikawa ofisi: karatasi hadi chini ya kochi, mimi mlangoni na sindano yangu nikishona vitabu, wifi akilalamika hana hata pa kuweka sufuria.

Kisha macho yakaanza kumwishia. Akatukataza kusema. Mhakiki asiyeona, nani atamsikiliza? Jina lake ndilo lililouza vitabu vyetu, likianguka tumekwisha. Basi wifi akawa anamsomea miswada, naye anatoa hukumu akiwa amefumba macho: "Hiki takataka. Hiki tunakichapisha."

Sasa wifi yangu, jamani, ni msemaji. Ukimtuma salamu, zinafika na chumvi juu.

Tukachapisha riwaya ya muuguzi mmoja, ya watu wanaohamia sayari nyingine. Wembe akaitungia dibaji, wifi akiandika anachoambiwa. Aliusifu hasa ukurasa ambapo mama anayebaki nyuma anampangusa mwanawe kamasi mlangoni mwa chombo, kana kwamba mtoto anaenda shule tu. Wifi aliyaandika maneno hayo na mdomo akaufunga. Hapo ndipo alipopaswa kusema.

Vitabu vilipotoka, muuza vitabu akanipigia simu. "Dada, wateja wamenuna. Umeruka ukurasa. Ule wa mama haupo."

Lawama kwangu! Nimeshona vitabu tangu usichana, ukurasa sijaruka. Nikaufukua mswada, nikaupekua wote. Mama hakuwemo. Chombo kiliondoka kwa mistari miwili mikavu.

Nikamuuliza wifi mbele ya mumewe. Hakukana. "Mtoto anaondoka hivi hivi, hana wa kumuaga? Niliongeza kidogo."

"Na kwenye vingine?" Wembe akauliza.

"Kidogo kidogo."

Nilingoja radi. Kaka alisugua magoti tu, kisha akaomba mswada mpya uliokuwa mezani. "Soma. Kilichoandikwa, basi."

Wifi akasoma hadithi ya mashine inayojifunza kulia, neno moja moja, kama anayesoma maelezo ya dawa. Kabla ukurasa haujaisha Wembe akainua mkono.

"Ni mbovu hivyo, mke wangu, au umenikasirikia?"

Wifi akauweka mswada mapajani mwa mumewe, akaenda jikoni. Niliumia kwa ajili yao wote wawili, na hasira nilikuwa nazo bado.

"Dada," Wembe akasema, "nisomee wewe."

Nikasoma sentensi ya kwanza. Akanikatiza.

"Apa kwamba ndivyo ilivyoandikwa."

Mtu tuliyezaliwa naye tumbo moja. Nikaapa. Akainamisha kichwa, akaniambia niisome tena, na nilipoimaliza akaniuliza kama nina hakika.