Saba Mara Nane kwa Kompyuta ya Mwalimu

Juzi, kwa fundi wa redio pale mtaani Manyatta, nilimkuta mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Usenge. Kompyuta yake ya zamani, ile ya kuunganishwa na televisheni, ilikuwa mbovu kwa miaka mingi. Fundi alikuwa ameifufua, lakini programu aliyoiandika mwalimu mwenyewe ilihifadhiwa kwenye kaseti, kama ilivyokuwa enzi hizo, na kaseti ilikataa kusomeka mara tatu.

"Mama, hii kanda imezeeka," fundi alisema.

"Hata mimi nimezeeka, na bado naongea. Jaribu tena, Bwana."

Fundi alisafisha kwa pamba na spiriti kichwa cha rekoda ya kaseti, kile kinachosoma kanda, akazungusha skrubu kidogo kidogo, sikio limeinama, mpaka mlio wa kanda ukawa mkali. Tukangoja. Kioo cha televisheni kikaandika: 7 x 8?

Mwalimu alinisogezea kibodi. Nikabonyeza 54.

"Bado kidogo. Jaribu tena," kompyuta ikaandika.

"Niliiandika mwaka ule nilipoacha kuwachapa wanafunzi kiboko," mwalimu alisema, akipangusa vumbi kwenye kibodi kwa leso.

Shuleni, hesabu hiyo hiyo iliwahi kunipatia viboko vinne. Nikabonyeza 56, polepole. Safari hii sikupigwa, nilipigiwa makofi.