Bila Kichupa Hakuna Uji

Nilipika uji na Kadii miaka saba katika shule moja ya msingi huku Junju, na sikupata kumwona akimchekea mtu aliyesema mtoto wake "amekuwa mume," yaani mwanamume kamili. Maneno hayo ndiyo yaliyomzika Gona, kifunguamimba wake.

Shule haikuwa na choo cha wavulana. Wasichana walichimbiwa kimoja. Wavulana wakaambiwa kichaka kipo, bwawa lipo. Humo bwawani walikojoa, humo wakaoga, na maji ya kunywa yakatekwa humo humo. Mtoto akifika miaka kumi akaanza kukojoa damu kwa maumivu, basi ni pongezi, amebaleghe huyo. Walishindana nyuma ya darasa nani mkojo wake mwekundu zaidi. Na wazee wetu, Mungu awasamehe maana mimi nimeshindwa, wakawachinjia kuku. Gona alichinjiwa jogoo. Miaka minne baadaye figo zikamwua.

Mwaka wa 1984 akaja tabibu na vichupa. Akatuambia ile damu ni kichocho, ugonjwa wa maji ya bwawa, na dawa anayo, ila Ijumaa anaondoka, na asiyepimwa mkojo hapati kidonge. Kambi, mdogo wake Gona, alikuwa ameshaanza damu. Garama, baba yao, akasema mwanawe ni mume sasa, hapimwi mkojo kama mtoto mchanga. Wenzake wakaitikia. Hata kichupa kimoja hakikurudi.

Alhamisi Kadii akasimama mbele ya sufuria na upawa mkononi, akawaambia wavulana, "Bila kichupa hakuna uji."

Mwalimu mkuu akaja juu. Kadii akamnyoshea upawa. "Haya mwalimu, wapakulie wewe. Lakini Gona ulikuja kumzika, ukaona kaburi lilivyokuwa fupi."

Mwalimu akarudi ofisini. Njaa haijui mume wala mke. Kufikia saa sita tulikuwa na vichupa sitini, cha kwanza cha Kambi.

Jioni Garama akaingia jikoni. Nilidhani amekuja kupiga mtu, nikashika mwiko, maana siku hiyo hata mimi nilitaka kumpiga. Akatoa kichupa mfukoni, chekundu kama vya watoto.

"Na hiki changu kipelekwe, mama Gona," akasema. "Ni tangu nina miaka tisa."

Kadii akakipokea, akakipanga na vile vingine.

"Kumbe ulijua inauma," akamwambia.