Amina Zangu za Kambini

Kisa hiki nakiandika nikiwa nimefunga mlango, maana nje bado wananicheka.

Shule yetu ya Butembo ilipeleka wanafunzi kambini, porini upande wa Kalunguta. Mimi, mwalimu wa dini, nikapewa kazi ya kuwafundisha kujiamini. Aliyenishinda ni Kavira, binti ambaye hata akiitwa jina darasani huitikia kwa kunong'ona.

Asubuhi moja nikasikia sauti yake ikipanda kutoka bondeni: "Nisaidie! Nazama! Nishike mukono!"

Kwetu Waprotestanti, mtu akienda peke yake porini kumlilia Mungu, humsumbui. Machozi yakanilengalenga. Donc, kumbe mafundisho yangu yamezaa matunda! Nikaita kambi nzima isikilize, nikamwitikia kwa nguvu: "Amina!" Kavira akazidi kupaza sauti. Nami nikazidisha Amina.

Aisha, binti wa Kiislamu kutoka Beni, akanivuta shati. "Mais mwalimu, ile hapana maombi. Kavira anaita batu bamusaidie."

"Mwanangu, batu ba imani banaombaka hivi," nikamjibu kwa upole wa mchungaji.

Hakuningoja. Akateremka mbio bondeni, na baadaye wakapanda wote wawili wameshikana mikono, matope ya mto yamewafika kiunoni.

Kavira akasimama mbele ya kambi nzima, akasema bila kunong'ona hata kidogo:

"Mwalimu, kila mara niliita, nilisikia Amina yako. Ni hapo nilijua hakuna mutu atakuja."