Landrova ya Mkunga

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, petroli ilipopanda bei, nilimkuta mzee mmoja katika duka la magari katikati ya Nairobi. Alitaka kubadilisha landrova yake kuukuu apate gari dogo.

"Hili dogo halinywi mafuta, mzee," muuzaji alimhakikishia.

Mke wa mzee, mkunga kule Dagoretti, akainama, akapima kwa kiganja nafasi chini ya gari hilo dogo.

"Na mvua ikinyesha, mzazi nitamfikiaje kwenye matope?"

"Mama, si mvua ni miezi michache tu?" muuzaji akauliza.

"Watoto hawangoji kiangazi."

Mume akacheka, akamkabidhi mkewe ufunguo wa landrova. Wakaondoka nayo ikinguruma.

Leo kule Dagoretti ni lami tupu, na magari makubwa ya porini yamejaa mjini. Nikiyaona namkumbuka mama yule, na kutamani kuuliza yanamkimbilia mzazi gani.